Jinsi ya Kuhakiki Mfuatano wa Matukio ya Msimu wa Vimbunga: Mwongozo kwa Wahariri wa Wikipedia wa Lamu na Pwani

Makala ya mfuatano wa matukio ya msimu wa vimbunga ni orodha ya mistari: tarehe, saa, jina la kimbunga, kasi ya upepo, mahali. Msimu mkubwa unaweza kuwa na mistari zaidi ya mia, na kila mmoja unadai kuwa ukweli. Msomaji akiona kosa la lugha atalitambua mara moja. Kosa la saa au la daraja la kimbunga hawezi kuliona, atalibeba lilivyo. Mwanafunzi wa Mokowe atalinakili kwenye kazi ya jiografia, mwalimu wake atalipokea, na baada ya mwaka mmoja litakuwa limeenea mahali pengi kiasi kwamba hata aliyeliandika hawezi tena kulifuta. Ndiyo maana makala ya aina hii inahitaji jicho la pili kabla haijatangazwa kuwa imekamilika.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu tunaohariri Wikipedia ya Kiswahili hapa Lamu, pamoja na ndugu zetu wa Malindi na kwingineko pwani wanaotaka kujiunga na kazi hii. Mfano nitakaotumia ni msimu wa vimbunga vya Atlantiki wa 2005. Nimeuchagua kwa sababu nyaraka zake ziko kamili na ziko wazi kwa kila mtu, na kila jambo unaloweza kulitilia shaka lina karatasi ya kulithibitisha. Mtu akishaizoea kazi kwa msimu huo, ataweza kuhakiki misimu ya bahari yetu wenyewe, ambako vyanzo ni vichache na hutofautiana zaidi.

Sharti la kwanza ni hili: mhakiki asiwe yule aliyeandika makala. Ukiwa umechangia mistari michache tu hakuna tatizo, bora useme mapema ni ipi. Lakini ukiwa ndiye uliyeitunga, macho yako yatasoma ulichokusudia badala ya kilichoandikwa.

Hatua ya 1: Kusanya nyaraka kabla ya kugusa makala

Pakua kila kitu siku moja, ukiwa na bando la kutosha au ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha fanya kazi bila intaneti. Uhakiki unaokatizwa kila dakika tano na ukurasa unaogoma kufunguka huishia kuwa uhakiki wa nusu.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kiko Miami, Florida, na kinafahamika kwa herufi NHC. Kinatoa nyaraka za aina tatu, na usipozitofautisha uhakiki wako utapotea njia. Aina ya kwanza ni taarifa za tahadhari zinazotolewa kimbunga kikiwa bado baharini. Hizi hutoka kila baada ya saa sita, yaani 03:00, 09:00, 15:00 na 21:00 kwa saa ya ulimwengu, ambayo kuanzia sasa nitaiita UTC. Aina ya pili ni ripoti ya mwisho ya kila kimbunga, inayoandikwa wiki au miezi baadaye wataalamu wakishapitia upya vipimo vya ndege, rada, meli, maboya na setilaiti. Aina ya tatu ni hifadhidata iitwayo HURDAT2, ambayo ina mwenendo wa kila kimbunga kwa tarakimu tupu, mstari kwa mstari.

Zikigongana, ripoti ya mwisho ndiyo inayoshinda taarifa ya siku ya tukio. Hapa ndipo makala nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Asubuhi ya 29 Agosti 2005, wakati Kimbunga Katrina kinaingia Louisiana, taarifa zilisema ni daraja la 4 (madaraja hufuata kasi ya upepo, kuanzia la 1 hadi la 5 lililo kali kuliko yote), upepo wa maili 140 kwa saa. Magazeti ya dunia nzima yaliandika hivyo. Wataalamu walipoketi baadaye na vipimo vyote, walikuta kwamba upepo ulikuwa umeshuka kabla ya kufika nchi kavu, nacho kiliingia kikiwa daraja la 3, noti 110 (noti moja ni maili ya bahari moja kwa saa). Madhara hayakupungua kwa kubadilisha namba: mawimbi makubwa yalikuwa yameshajengwa baharini siku moja kabla, kimbunga kilipokuwa daraja la 5. Lakini mstari wa makala lazima useme daraja la 3.

Marekebisho huenda upande wa kupandisha vilevile. Katika msimu huohuo, Cindy ilihesabiwa kuwa dhoruba tu mwezi Julai, ripoti ya mwisho ikaipandisha ikawa kimbunga. Emily ilitangazwa daraja la 4, ikapandishwa hadi la 5. Mwaka 2006 kituo cha Miami kikaongeza hata dhoruba nzima ambayo haikuwa imetambuliwa ilipotokea, iliyopita karibu na visiwa vya Azores mnamo 4 Oktoba 2005. Nayo imebaki bila jina hadi leo. Marekebisho pengine huchelewa sana. Kimbunga Michael cha Oktoba 2018 kilipandishwa kuwa daraja la 5 mwezi Aprili 2019, na Andrew cha Agosti 1992 kilisubiri hadi 2002.

Kwa hiyo unapoona mwenzako ametaja gazeti la siku ya tukio kuwa chanzo, usimwambie gazeti limedanganya. Liliandika kilichojulikana siku hiyo. Mwelekeze kwenye ripoti ya mwisho.

Hatua ya 2: Hesabu kwanza, soma baadaye

Kabla ya kuingia kwenye mistari, hakikisha jumla zinakubaliana. Msimu wa 2005 ulikuwa na mifumo 31 iliyofikia angalau hatua ya mgandamizo mdogo wa kitropiki, ile hatua ya kwanza kabla ya dhoruba. Kati ya hiyo, 28 ilikuwa dhoruba au zaidi, ukihesabu na ile isiyo na jina. Vimbunga kamili vilikuwa 15, na vimbunga vikubwa, yaani daraja la 3 kwenda juu, vilikuwa 7: Dennis, Emily, Katrina, Maria, Rita, Wilma na Beta.

Chukua kalamu na karatasi, pita makala yote, weka alama kila mfumo unapozaliwa na kila unapokwisha. Kila kilichozaliwa lazima kiwe na mwisho wake. Kila kilichofika daraja la 3 lazima kiwe kimepitia la 1 na la 2 mahali fulani juu ya mstari huo, hata kama vyote vilitokea ndani ya saa chache. Ukimaliza na hesabu yako ikawa vimbunga 14 badala ya 15, mara nyingi aliyekosekana ni Cindy, kwa sababu mwandishi ametumia taarifa za zamani.

Angalia pia mipaka ya msimu. Kirasmi msimu wa Atlantiki huanza 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na makala itaje tarehe hizo mbili. Lakini bahari haifuati kalenda. Mfumo wa kwanza wa 2005, uliokuja kuitwa Arlene, ulizaliwa 8 Juni. Wa mwisho, Zeta, ulizaliwa 30 Desemba ukaendelea hadi 6 Januari 2006. Makala inayokatika 31 Desemba haijakamilika, hata kama kichwa chake kinasema 2005.

Hatua ya 3: Mmoja asome, mwingine afuate

Njia tuliyoiona inafaa kuliko zote ni kuhakiki wawili wawili. Mmoja anashika makala, mwingine anashika hifadhidata. Mwenye makala anasoma mstari kwa sauti, mwenye hifadhidata anajibu kwa tarakimu. Kila mara mnapokubaliana, mwenye makala anaweka alama. Mkitofautiana, mnaandika kwenye daftari na kuendelea. Msisimame kubishana, maana mtachoka kabla ya kufika Septemba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uhakiki nao ni vivyo hivyo.

Usiogope sura ya hifadhidata. Mstari wa Katrina kuingia Louisiana umeandikwa hivi:

20050829, 1110, L, HU, 29.3N, 89.6W, 110, 920

Usome kutoka kushoto. Mwaka, mwezi na tarehe vimebanwa pamoja: 29 Agosti 2005. Kisha saa, 11:10 UTC. Herufi L ina maana kitovu kimeingia nchi kavu; mstari usiokuwa na herufi yoyote mahali hapo ni wa kawaida wa kila saa sita. HU ni kimbunga kamili. Mahali pa HU utakutana pia na TS kwa dhoruba ya kitropiki, TD kwa mgandamizo mdogo, SS kwa dhoruba ya nusu-tropiki, na EX kwa mfumo uliopoteza sifa za kitropiki. Zinafuata latitudo na longitudo, kisha kasi ya upepo kwa noti, 110, na mgandamizo wa hewa kwa milibari, 920. Safu zinazoendelea baada ya hapo huna haja ya kuzigusa.

Mistari ya kawaida iko 00:00, 06:00, 12:00 na 18:00 UTC. Ukikuta kwenye makala kwamba mfumo ulipanda daraja saa 09:00 au 15:00 UTC, shuku mara moja: hiyo ni saa ya taarifa ya tahadhari, si saa ya mwenendo uliohakikiwa. Ni dalili inayojitokeza tena na tena, na ukiizoea utaitambua kwa kutupa jicho tu.

Hatua ya 4: Saa

Sehemu hii ndiyo inayomtofautisha mhakiki wa Kiswahili na mhakiki wa lugha nyingine nyingi, na naomba uitendee haki.

Kila tukio la kimbunga lina saa mbili zinazostahili kuandikwa: UTC, ambayo wanasayansi wote wanaitumia, na saa ya mahali tukio lilipotokea, ambayo ndiyo inayomwambia msomaji kama watu walikuwa wamelala au wako kazini. Saa yetu ya Lamu, iliyo saa 3 mbele ya UTC, haina kazi kwenye makala ya Atlantiki. Ukiikuta, ipendekeze iondolewe.

Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne juzi tu alikuwa akihakiki mistari ya Agosti pamoja na mwalimu wetu mstaafu, wameketi barazani Langoni, karatasi zimewekewa simu juu zisipeperushwe na kusi.

"Shikamoo Mwalimu, hapa nimekwama. Makala inasema Katrina iliingia Louisiana saa 11:10. Halafu inasema watu waliamkia maji. Saa kumi na moja na dakika kumi za jioni mtu anaamkia nini?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo 11:10 ni ya UTC. Toa tano, maana Louisiana mwezi wa nane iko nyuma kwa saa tano. Unapata ngapi?"

"Sita na dakika kumi."

"Sasa hiyo sita ni ya kizungu. Igeuze."

"Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi."

"Haya. Sasa watu wameamka."

Kilichomkwamisha kijana ni neno "saa" kuwekwa mbele ya tarakimu za UTC. Msomaji wetu akiona "saa 11:10" atasoma kumi na moja na dakika kumi, na atakuwa na haki. Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza, na ambayo mhakiki aisimamie makala nzima, ni hii: saa ya UTC iandikwe kwa tarakimu nne bila neno "saa" mbele yake, na saa ya mahali iandikwe kwa hesabu yetu ikiwa na neno "saa" na sehemu ya siku. Mstari utasomeka: "11:10 UTC (saa 12:10 asubuhi, Louisiana)". Hakuna atakayechanganyikiwa.

Tofauti za saa za kukumbuka kwa Atlantiki ni chache. Sehemu kubwa ya Florida na pwani ya mashariki ya Marekani wakati wa kiangazi ziko saa 4 nyuma ya UTC. Louisiana, Mississippi na Texas ya mashariki ziko saa 5 nyuma. Marekani ikirudisha saa nyuma kwa majira ya baridi, ongeza saa moja kwenye tofauti hiyo. Mwaka 2005 walirudisha 30 Oktoba, na tangu 2007 hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo matukio ya mwisho wa msimu yahitaji uangalifu wa pekee. Kwa mifumo iliyokuwa katikati ya bahari, mbali na watu, UTC peke yake inatosha.

Kisha kuna suala la tarehe. Cindy iliingia Louisiana 03:00 UTC, 6 Julai. Huko Louisiana ilikuwa saa 4 usiku na kalenda yao bado inasema 5 Julai. Mwandishi mmoja ataandika tano, mwingine sita, na wote wana chanzo mkononi. Sisi hapa pwani tunajua kwamba usiku hutangulia mchana wake: mtu akisema usiku wa Ijumaa, mzee wa Lamu anaelewa ule unaoingia Alhamisi baada ya Magharibi. Lakini msomaji wa Dodoma au Bujumbura huenda akaelewa vingine. Tumia "usiku wa kuamkia", ambayo haina utata kwa yeyote, na iambatanishe na saa: "03:00 UTC, 6 Julai (saa 4:00 usiku wa kuamkia 6 Julai, Louisiana)". Ukiandika hivyo tarehe zote mbili zinakubaliana, na msomaji anajua ni usiku gani hasa.

Makosa ya saa hujirudia. Mwandishi aliyekosea kugeuza mstari mmoja huwa amekosea yote ya aina hiyo, kwa hiyo ukipata moja, tafuta ndugu zake kabla ya kuandika maoni.

Hatua ya 5: Kasi na vipimo

Kituo cha Miami hupima kwa noti, yaani maili ya bahari moja kwa saa, na hukadiria kwa mafungu ya tano: 100, 105, 110. Kilomita kwa saa zipatikane kutoka kwenye noti moja kwa moja kwa kuzidisha 1.852, kisha zikaribishwe kwenye tano iliyo karibu. Noti 110 zinatoa kilomita 203.7, unaandika 205. Mwandishi aliyeanzia kwenye maili za nchi kavu, ambazo tayari zilikuwa zimekaribishwa kuwa 125, atapata 201 na kuandika 200. Kosa la kilomita tano laonekana dogo, lakini likiwa karibu na mpaka wa daraja linaleta ubishi usio na sababu.

Weka mipaka hii karibu nawe, kwa noti: dhoruba ya kitropiki 34 hadi 63, daraja la 1 ni 64 hadi 82, la 2 ni 83 hadi 95, la 3 ni 96 hadi 112, la 4 ni 113 hadi 136, la 5 ni 137 na zaidi. Kila mstari unaosema "kilifika daraja la 4" uwe na kasi inayoangukia humo.

Neno "maili" peke yake lisiachwe. Ama iwe ya bahari ama ya nchi kavu, na kwa msomaji wetu kilomita zitangulie.

Mgandamizo wa hewa unakwenda kinyume na upepo: ukishuka, kimbunga kimepata nguvu. Wilma ilishuka hadi milibari 882 mnamo 19 Oktoba 2005, ambayo ndiyo ya chini kuliko zote zilizowahi kurekodiwa katika Atlantiki. Ukiona kwenye makala kwamba kimbunga "kiliimarika" huku milibari zikipanda, kuna tarakimu zimepinduliwa.

Hatua ya 6: Lugha na mpangilio

Hapa nitapita haraka. Kila hatua ya kimbunga iwe na jina moja tu katika makala nzima: mgandamizo mdogo wa kitropiki, dhoruba ya kitropiki, kimbunga. Mwandishi asibadilishe leo "tufani" kesho "kimbunga" kwa kutaka kupamba, kwa sababu msomaji atadhani ni hatua tofauti. Angalia upatanisho: dhoruba iliingia, kimbunga kiliingia. Majina ya vimbunga na ya miji ya kigeni yabaki katika tahajia yake.

Kama makala imetafsiriwa kutoka Wikipedia ya lugha nyingine, jambo hilo linaruhusiwa, lakini leseni ya Wikipedia inadai chanzo hicho kitajwe katika muhtasari wa uhariri. Fungua historia ya makala uone kama limetimizwa. Picha za setilaiti za NASA na ramani za kituo cha Miami kwa kawaida ni mali ya umma, nazo ziwe na maelezo kwa Kiswahili, pamoja na maelezo mbadala kwa wasomaji wasioona.

Idadi ya waliofariki isijazwe kwenye mfuatano wa matukio. Hiyo ina makala yake, na hubadilika: kwa miaka mingi vifo vya Katrina vilitajwa kuwa zaidi ya 1,800, kisha mwaka 2023 ripoti ya kituo cha Miami ikarekebishwa na kutaja 1,392. Hao ni watu, na kila mmoja anastahili kuhesabiwa sawasawa mahali panapostahili, penye maelezo ya jinsi hesabu ilivyofanywa.

Hatua ya 7: Andika maoni yatakayotumika

Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala. Anza kwa salamu, taja ulichohakiki na nyaraka ulizotumia, kisha weka hoja moja moja. Kila hoja iwe na vitu vitatu: mstari wenyewe, kinachosemwa na chanzo, na unachopendekeza. Kwa mfano:

"Mstari wa 29 Agosti, 11:10 UTC. Makala inasema Kimbunga Katrina kiliingia Louisiana kikiwa daraja la 4. Ripoti ya mwisho inasema daraja la 3, noti 110, sawa na kilomita 205 kwa saa. Napendekeza daraja na kasi visahihishwe, na chanzo kibadilishwe kutoka taarifa ya siku ile kwenda ripoti ya mwisho."

Mwandishi akisoma hivyo ataweza kurekebisha ndani ya dakika mbili. Akisoma "angalia tena madaraja", atakaa wiki nzima hajui aanzie wapi. Sifa nazo ziwe za kweli na mahususi: kama mistari ya Septemba yote imekubaliana na hifadhidata, sema, maana hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa na mtu bila malipo usiku baada ya shughuli zake. Lakini usiandike "makala nzuri sana, hongera" halafu ukaondoka. Maoni ya namna hiyo yanamfanya mwandishi aamini kazi imepitiwa ilhali haijapitiwa, na kwangu mimi ni afadhali kunyamaza.

Makosa ya herufi yarekebishe mwenyewe moja kwa moja. Tarakimu, hata ukiwa na hakika, mwachie mwandishi, ili naye afungue chanzo na kuona. Maliza kila ujumbe kwa alama nne za wimbi (~~~~) ili jina lako na saa vijiandike.

Mwandishi akikukatalia, mwombe chanzo chake. Kama chanzo chake ni ripoti iliyorekebishwa baada ya ile uliyopakua, yeye ndiye mwenye haki, na hoja yako uifute kwa kuipigia mstari, usiiondoe, ili wanaokuja waone mjadala ulivyokwenda.

Hatua ya 8: Ukihamia bahari yetu

Lamu iko takriban digrii mbili tu kusini mwa Ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo ukawa kimbunga, na ndiyo maana manahodha wetu wanazungumza zaidi juu ya kusi, kaskazi na matlai kuliko vimbunga. Lakini majirani zetu wameumia. Mwaka 2019 Idai ilipiga Beira, Msumbiji, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Wiki sita baadaye Kenneth ikapita karibu na Komoro na kuingia Cabo Delgado mnamo 25 Aprili. Mei 2024 Hidaya ikafika kisiwa cha Mafia, na tahadhari zikatolewa hadi pwani ya Kenya. Makala za misimu hii kwa Kiswahili zina wasomaji ambao mambo haya yaliwagusa mwilini, na zinahitaji wahakiki.

Mambo manne yanabadilika. Kituo chenye mamlaka ni cha Météo-France kisiwani La Réunion, si Miami. Mwaka wa vimbunga huhesabiwa kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni, kwa hiyo Idai na Kenneth ni vya msimu wa 2018–2019 ingawa vyote vilitokea 2019. Madaraja ya 1 hadi 5 hayatumiki rasmi. Kimbunga cha kitropiki huanzia noti 64, kikali huanzia 90, na kikali sana ni zaidi ya 115. La nne ndilo linalodanganya watu: La Réunion hukokotoa wastani wa upepo kwa dakika 10, Wamarekani kwa dakika 1. Wastani wa dakika 1 hutoa tarakimu kubwa zaidi kwa kimbunga kilekile. Makala ikichanganya tarakimu za vituo hivyo viwili bila kusema ni ya nani, irudishwe kwa mwandishi.

Saa za mahali ni rahisi zaidi kwetu: Tanzania, Komoro na Madagaska ni saa 3 mbele ya UTC kama sisi, Msumbiji ni 2, La Réunion ni 4. Idai iliingia Beira karibu na usiku wa manane, na vyanzo vingine vinaandika 14 Machi, vingine 15 Machi, kulingana na saa iliyotumika. "Usiku wa kuamkia 15 Machi" itakusaidia hapo pia, mradi UTC na tarehe yake viandikwe kando.

Kufunga uhakiki

Hoja zote zikijibiwa, rudi kwenye mistari iliyorekebishwa tu, ihakiki upya dhidi ya chanzo, na uhakikishe kurekebisha mmoja hakujavuruga jumla za Hatua ya 2. Kisha andika kwenye ukurasa wa majadiliano tarehe uliyomaliza, namba ya toleo la makala ulilohakiki, ambayo utaipata kwenye historia, na tarehe ya toleo la HURDAT2 ulilotumia. Hifadhidata hiyo hutolewa upya baada ya kila msimu ikiwa na marekebisho, wakati mwingine ya miaka ya nyuma kabisa, na mhakiki atakayekuja baada yako ataanzia hapo kulinganisha mistari iliyobadilika peke yake.